Jua Lilipozama Jumapili

*Mwaka 1784*

Alhamisi, Januari 1

Bi Hetty, bibi mwenye nyumba hii, kanipa kalenda mpya. Miaka yote hunipa ya kwake ikishaisha, mwaka huu kanunua mbili. Hii yangu ina kurasa tupu kati ya mwezi na mwezi. "Niandikie mambo ya maana, Zilpa," kaniambia, "si habari za maharage." Basi naanza na maharage, nimkomoe. Leo yameungua.

Jumamosi, Januari 3

Theluji imefika madirishani. Jua lilipozama, Submit, binti yake Bi Hetty, alikuwa anashona tundu la kifungo, hajafika hata nusu, baba yake Shemasi akamwambia weka chini. Akaweka. Katika nyumba hii Sabato haingoji usiku wa manane. Inaingia jua la Jumamosi likizama na inatoka jua la Jumapili likizama, na Shemasi Eliphalet ni mkali kwa hilo kuliko mchungaji. Miaka kumi na saba nipo humu, sijamwona akikosea.

Jumapili, Januari 4

Shemasi alisimama dirishani jioni akatafuta nyota zake tatu, za kumhakikishia jua limezama kweli, kisha akasema lile neno lake, "Imekwisha." Sindano za kufumia zikatoka vikapuni hata kabla hajageuka. Mimi nikaloweka nguo za kufua kesho. Binti yangu Violet alitaka kunibebea maji, nikamfukuza. Tumbo lake linatangulia kila anapokwenda.

Alhamisi, Januari 8

Baridi. Wino umeganda mara mbili.

Jumatano, Januari 14

Leo ni jambo la maana, si maharage.

Shemasi amerudi kutoka kwenye baraza la jimbo. Hakuvua hata koti. Aliingia jikoni, jambo asilolifanya kamwe, akatuambia mimi na Violet tukae, akatoa karatasi mfukoni akasoma. Ni sheria mpya. Mtoto wa mtumwa atakayezaliwa kuanzia tarehe mosi Machi mwaka huu hatakuwa mtumwa maisha yake yote. Atatumika mpaka atimize miaka ishirini na mitano, kisha aende zake. Shemasi akasema yeye mwenyewe alisimama kuiunga mkono, kwa sababu haiwezekani tumfukuze mfalme kisha tubaki na makosa ya mfalme. Alikuwa na machozi. Nimeyaona kwa macho yangu.

Mimi na Violet hatumo. Tuliokwisha kuzaliwa hatumo. Lakini tumbo la Violet limo, likitaka.

Maana mkunga alishasema ni mwisho wa Februari ama mwanzo wa Machi. Wote tulianza kuhesabu kwa vidole, hata Submit aliyekuwa mlangoni na mama yake. Shemasi alipotoka, Bi Hetty alinishika mkono pale kwenye tanuri akaubana kama tulivyokuwa tukibanana utotoni tukiwa na siri. "Ataingia Machi," akasema. "Tutamzuia kwa mikono yetu."

Mimi na Bi Hetty tumenyonya ziwa moja. Mama yangu alimnyonyesha yeye upande mmoja na mimi upande wa pili, nyumbani kwa baba yake. Alipojifunza kusoma nilikaa chini ya meza nikajifunza naye, na alipojua hakunisema, akanifundisha na kuandika. Alipoolewa na Shemasi, baba yake akamfungia shuka kumi na mbili, kabati, na mimi.

Jumapili, Januari 18

Jethro, mumewe Violet, alikuja baada ya ibada. Yeye ni mtu huru. Alipigana miaka mitatu kwenye vita hii ya kumfukuza mfalme na uhuru akaupata kwa hiyo, na sasa yuko kwenye mashine ya kupasua mbao. Ule mlingoti wa uhuru uliosimama mbele ya kanisa, mbao ni ya Shemasi, aliyeulainisha ni Jethro. Nilidhani atafurahi. Alisikiliza habari ya sheria mpaka mwisho, akauliza kama kuna chai.

Kisha akasema anataka siku ya uzazi awepo shahidi wa nje. Kwenye mashine yuko Mkweka mmoja, mtu wa dhehebu lile lisiloapa wala kusema uongo, mkewe angekubali kuja kukaa. Nilimkatalia. Nilimwambia nyumba hii ina wanawake wa kutosha, na kumleta mgeni ni kumtukana Bi Hetty. "Bi Hetty ni shahidi tosha," nikamwambia.

"Haya, mama," akasema. "Wewe ndiye unayemjua."

Jumatano, Februari 4

Bi Hetty kamkataza Violet kupanda ngazi. Maji anateka yeye mwenyewe, na kutoka kisimani hadi jikoni anamwaga nusu. Ninacheka mpaka mbavu zinauma.

Jumapili, Februari 8

Submit anaongea na tumbo. "Kaa huko huko, nje kuna baridi," analiambia. Sijawahi kuipenda nyumba hii kama mwezi huu.

Alhamisi, Februari 12

Mkunga, Bi Thankful Pardee, amempapasa Violet. Mtoto ameshuka. Anasema huenda asifike Machi. Violet alilia kwenye unga, nikautupa ule unga wote kwa nguruwe, kisha nikajilaumu kwa kutupa unga.

Jumatatu, Februari 16

Utomvu tunaouchemsha kuwa sukari umeanza kutoka kwenye miti, mapema mwaka huu. Mchana jua, usiku barafu, ndivyo miti inavyotaka. Shemasi anasema watu hawatoshi, Violet naye akabebe ndoo msituni. Nikamtazama Bi Hetty nikingoja aseme kitu. Akasema, "Ndoo ndogo ndogo tu, Eliphalet."

Ndoo ndogo ni ndoo. Nilibeba zake na zangu. Mabega yamevimba.

Ijumaa, Februari 20

Bado yumo.

Jumatatu, Februari 23

Bado yumo. Leo nilimsikia Bi Hetty akimwambia Submit, huku wanakunja shuka, kwamba hizi ni za siku yake ya kuolewa. Kumi na mbili, kama za kwake.

Alhamisi, Februari 26

Bado. Violet halali. Amefunga miguu kwa shali. Namwambia mtoto hazuiwi kwa shali. Ananiambia, "Mama, niache."

Jumamosi, Februari 28

Kalenda inaonyesha mwaka huu Februari ina siku ishirini na tisa. Mwaka wa kawaida, kesho ingekuwa Machi. Nimeukodolea macho ukurasa huu muda mrefu kama kwamba namba itaona haya ijifute.

Jumatatu, Machi 1

Amezaliwa, na amezaliwa leo. Nitaandika taratibu, kila kitu mahali pake.

Uchungu ulimshika jana Jumapili asubuhi, wenzetu, isipokuwa Submit, wakiwa kwenye ibada. Nilimtuma Submit amwite mkunga. Mchana kutwa Violet aliuma kitambaa, hakutaka kusukuma. Bi Thankful akamgombeza, akasema mtoto si deni la kucheleweshwa. Violet alikuwa anaangalia dirisha. Sote tulikuwa tunaangalia dirisha. Jua lilikaa juu ya ghala la ng'ombe halishuki, nikalitukana moyoni siku ya Sabato, Mungu anisamehe.

Likashuka. Likazama. Tukasubiri. Tukasikia viatu vya Shemasi sebuleni vikienda dirishani, kimya, halafu sauti yake: "Imekwisha."

Bi Hetty alikuwa amekaa kitandani kwa Violet. Akainama, akatoa kapuni soksi ya kijivu ya mumewe, akaanza kufuma. Alifuma ili sote tuone ni Jumatatu. Bi Thankful naye akatoa uzi wake. Violet alipoona sindano zile zinacheza akacheka, akalia, akasukuma.

Tulikuwa tumekwisha washa taa ya pili. Saa ya sebuleni ilikuwa imegonga saa moja. Ni msichana, mzima, ana ghadhabu. Bi Hetty alimpokea kwa aproni yake.

"Jumatatu," akasema, anacheka na kulia. "Jumatatu jioni, kama Submit wangu."

Ni kweli. Submit naye alizaliwa Jumapili baada ya jua kuzama, Juni ya mwaka wa sabini. Mimi ndiye niliyeshika taa. Mchungaji wa siku zile alikuwa habatizi mtoto wa Jumapili, akisema mtoto wa Jumapili alitungwa Jumapili, na Shemasi angekufa kwa aibu. Akafungua Biblia kubwa usiku ule ule akaandika Jumatatu, Juni 11, na mchungaji akakubali, kwa sababu ndivyo siku inavyohesabiwa na watu wanaomcha Mungu.

Jethro amekuja asubuhi. Amemshika mwanawe hakujua aweke wapi mikono. Jina nimetoa mimi. Kwa watu wa mama yangu, huko alikochukuliwa, mtoto hupewa jina la siku aliyozaliwa. Mimi ni Efua kwa kuwa ni wa Ijumaa, na Bi Hetty, mama yangu alimwita Ekua, wa Jumatano, mpaka alipokufa. Msichana wa Jumatatu ni Adjoa.

Bi Hetty aliporudia jina hilo alilitamka sawasawa. Hajasahau.

Jumanne, Machi 2

Adjoa ananyonya. Nimefua nguo za siku mbili, sijachoka.

Ijumaa, Machi 5

Nilikuwa nafuta vumbi sebuleni. Biblia kubwa huwa naifuta jalada tu, leo nikaifungua nyuma kwenye ukurasa wa uzazi, nilione jina la mjukuu wangu kwa wino.

*Adjoa, wa Violet. Jumapili, Februari 29.*

Nilidhani nimesoma vibaya. Nikasoma kwa kidole. Juu yake kidogo, *Submit, Jumatatu, Juni 11, 1770*, mwandiko wa Shemasi, mnene. Huu wa chini si wake. Herufi zina mikia mirefu inayojikunja. Mwandiko huo naujua kwa sababu ndio wangu pia. Yeye ndiye aliyenifundisha.

Nilifunga Biblia nikamaliza kufuta vumbi. Sijui kwa nini nilimaliza.

Jumamosi, Machi 6

Nilimkuta peke yake kwenye masufuria ya sukari, moshi umemzunguka, anakoroga. Niliuliza kwa utulivu. Nilikuwa nimejizoesha njia nzima. Nikamwambia, Bi Hetty, kuna kosa kwenye Biblia.

Akaendelea kukoroga. Akasema Shemasi amelifikiria sana jambo hilo. Sabato inakwenda kwa jua, lakini sheria ya jimbo inakwenda kwa saa, na kwa saa ilikuwa bado Jumapili, Februari. Nikamwambia na Submit je. Akasema hilo lilikuwa la kanisa, hili ni la serikali. Nikamwambia hayo ni maneno ya Shemasi, ila mkono ulioandika ni wako.

Hapo akaacha kukoroga. Akanitazama, na kilichoniumiza zaidi ni kwamba alinitazama kwa upendo.

"Submit ataolewa, Zilpa. Ataenda nyumba ya watu asiowajua, kama nilivyokwenda mimi. Nataka awe na Zilpa wake."

Nikasema mtoto angekuwepo, sheria inampa miaka ishirini na mitano.

"Kisha angeondoka," akasema. "Wewe hukuondoka."

Miaka yote hii nimedhani nilikaa naye. Kumbe yeye alijua nilikuwa nimefungiwa pamoja na shuka.

Sukari ikaungua. Ni yeye aliyeniambia niangalie sufuria, na nikaangalia.

Jumapili, Machi 7

Sikuandika.

Jumatatu, Machi 8

Nimemwambia Jethro. Nilitamani anipigie kelele. Alikaa kwenye kisiki akakwangua matope kwenye kiatu kwa kijiti, kiatu chote, mpaka kikawa safi. Kisha akasema, "Ulisema anatosha."

Mke wa Mkweka angekuja. Angekaa na kofia yake nyeupe pale pembeni, na leo mtoto angekuwa na mtu wa kumsemea. Nilimkataa mimi, kwa mdomo wangu, nisimvunjie heshima Bi Hetty.

Jumatano, Machi 10

Jethro amekwenda kwa hakimu. Hakimu ni binamu yake Shemasi, lakini mwingine hatuna. Mimi nilipelekwa kubeba Biblia, kwa sababu ni nzito.

Bi Thankful aliulizwa. Akasema aliangalia kazi yake, hakuangalia dirisha, ila saa ilikuwa imegonga saa moja ya jioni ya Jumapili. Hakunitazama. Shemasi alisema kwa upole kwamba yeye ndiye aliyeipigania sheria hii, hawezi kuwa wa kwanza kuipinda. Bi Hetty hakuitwa. Mwandiko wake ulitosha.

Violet hawezi kuulizwa, mimi siwezi kuulizwa, kwa kuwa tu watumwa. Jethro aliruhusiwa kuuliza swali moja. Alimwomba Shemasi anyooshe mguu. Watu wakacheka. Shemasi akanyoosha kabla hajajua kwa nini, na pale kwenye kiatu kulikuwa na soksi ya kijivu.

"Ile ilifumwa kitandani kwa mke wangu wakati mwanangu anazaliwa," Jethro akasema. "Kama ilikuwa Jumapili, mheshimiwa, basi mke wa Shemasi amefuma siku ya Sabato, na faini yake iko kwenye kitabu chako hicho hicho. Nani ataandikiwa?"

Kicheko kilikoma. Hakimu akatafuta karatasi fulani ambayo haikuwepo. Mwisho akasema soksi si ushahidi, Biblia ya familia ni ushahidi, akaifungua, akasoma, akaifunga. Mjukuu wangu ni mtumwa mpaka kufa kwake, na sheria imefuatwa.

Nikaibeba Biblia kurudi nyumbani. Njia inapita kwenye mlingoti wa uhuru. Jethro aliupiga konde akajichubua. Aliulainisha vizuri mno, hauna hata kibanzi.

Alhamisi, Machi 11

Mvua.

Ijumaa, Machi 12

Mvua. Bi Hetty ameleta blanketi la mtoto, lake mwenyewe la zamani. Violet alilikunja akalirudisha juu ya kiti chake cha sebuleni. Bi Hetty ameniuliza kama namkasirikia. Nimemwambia chakula kiko tayari.

Jumapili, Machi 14

Jua limezama. Shemasi akasimama dirishani, akazipata nyota zake, akasema, "Imekwisha." Submit akachukua sindano. Bi Hetty akaniambia, bila kuinua macho, niloweke nguo.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mikono mapajani. Nikabaki nimekaa.

Akarudia.

"Bado Jumapili, Bi Hetty," nikasema. "Nasubiri saa igonge sita ya usiku. Nyumba hii sasa inakwenda kwa saa."

Shemasi aligeuka. Rangi ilimpanda shingoni mpaka masikioni. Nilijua anaweza kunipiga, au kunipeleka mbali na Violet, kwa ndugu yake kule mtoni, na niliogopa, sitasema uongo humu. Alinyoosha kidole kuelekea jikoni. Sikusimama. Akafungua mdomo, na naapa nilimwona anatafuta neno, ila kila neno aliloligusa lilimrudisha kwenye ile Biblia.

Ndipo Submit akaweka sindano chini.

"Baba," akasema, "mimi nilizaliwa siku gani?"

Saa ya sebuleni ilitembea. Bi Hetty aliinuka, akaenda jikoni, akaloweka nguo mwenyewe, na tulisikia maji yakimwagika.

Jumatatu, Machi 15

Nimefua. Soksi ya kijivu imo kwenye nguo chafu, nimeifua kama nyingine.

Jumatatu, Machi 22

Jana tena nimekaa mpaka saa sita, na Submit amekaa nami, hafumi. Shemasi hasimami tena dirishani. Jua linazama lenyewe.

Jumanne, Machi 30

Msimu wa sukari umekwisha, utomvu umekuwa mchungu. Vyura wameanza bondeni.

Nimezikata kurasa za Februari na Machi nikazishonea ndani ya godoro dogo la mtoto. Hii ya leo naishonea kesho. Violet anajua zilipo. Nitamfundisha Adjoa kusoma akianza tu kuongea, ili siku moja azitoe mwenyewe aende kwa hakimu mwingine, asiye binamu wa mtu.

Bi Hetty alitaka abadilishwe jina aitwe Judith, eti ni rahisi kutamka. Violet alimwambia limekwisha andikwa kwenye Biblia kwa wino, na Biblia haifutwi. Ameshindwa. Kwa wengine wote humu ni jina tu, hawajui lina maana gani. Yeye anajua. Alifundishwa na mama yangu, kwenye ziwa lile lile. Kila akimwita mtoto, anaitaja Jumatatu kwa mdomo wake.

Leo amemwita mara nne.